Simu Iliyojibonyeza Mtito Andei

Waliomsifu Musembi siku ya mazishi yake hawakuwahi kumpelekea simu aitengeneze. Hilo nililijua kabla msomaji wa wasifu hajafika nusu ya karatasi yake. Tulikuwa Kikima, nyumbani kwa wazazi wake, kule juu Mbooni ambako baridi huingia mpaka kwenye meno na sisi wa Mutomo hatuna nguo za kuikabili. Nilikuwa nimekaa chini ya hema la kukodi, mguu mmoja wa kiti cha plastiki umezama kwenye udongo uliolowa, huku kijana aliyevaa suti ya kubana akitueleza kwamba marehemu alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa mawasiliano anayejulikana Mombasa Road nzima. Watu wakaitikia kwa sauti za chini, kama kwamba wamekuwa wakilisema hilo wao kwa wao miaka yote. Musembi hakuvumbua kitu. Alijua kufungua simu kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, kuipuliza ndani, na kutaja neno moja la Kiingereza. Najua kwamba maiti hasemwi vibaya, lakini mtu anaweza kunyamaza tu, na kunyamaza hakumzuii mtu kupewa sahani ya wali. Nilikuwa natafakari hayo kwa hasira yangu ndogo nilipomwona Ndanu akipita kati ya viti amebeba sinia la vikombe, amenenepa kidogo, kitambaa cha kikundi cha akina mama wa kanisa kichwani. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule tulioishi pamoja Mtito Andei. Aliniona, akatikisa kichwa kunisalimu, akaendelea kugawa chai.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na cheti cha umeme na elektroniki, na niliamini kwamba cheti hicho kimenitenga na wajinga. Ya nyumbani nitayaruka, hayana ladha. Nilifika Mtito Andei kwa sababu Musembi alihitaji mtu wa kushika solda na mimi nilihitaji mahali pa kuishika. Mtito si mji ambao mtu huamua kuishi. Ni mahali ambapo madereva hushuka, hunyoosha miguu, hula, hulala kidogo, na huendelea zao, na wanaobaki ni wale wanaowauzia chakula, mafuta na vitanda. Duka letu lilikuwa limebanwa kati ya fundi wa magurudumu na hoteli ya mama yake Ndanu, ambaye kila mtu alimwita Mama Ndanu tu. Ndani mlikuwa na meza ndefu, kabati la kioo lenye kava za simu za rangi zote, blowa ya kuyeyushia gundi, na picha ya Musembi mwenyewe akipokea kikombe cha mpira wa miguu ambacho sikuwahi kujua alikipataje. Hewa ilikuwa ya dizeli, ya gundi iliyochomwa, na asubuhi ya mandazi. Musembi alikaa mbele, karibu na mteja, kwa sababu alikuwa na mdomo. Mimi nilikaa nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu nilikuwa na macho. Alitaka aitwe Injinia, na watu wakamwita hivyo, maana Mkamba hamnyimi mtu jina lisilomgharimu kitu.

Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori, na ugonjwa wa simu zao ulikuwa mmoja. Simu ilijibonyeza. Mtu anaiweka kwenye dashibodi, anaichomeka kwenye chaja ya lori, na kabla hajafika Kibwezi imefungua kamera, imezima, imewaka, imempigia bosi wake, imemtumia shemeji picha ya magoti. Kwa Injinia, sababu ilitegemea sura ya mteja. Kama mteja alionekana mpole, ilikuwa unyevu, na alikaa kuipiga simu kwa blowa mpaka kava likaanza kupinda. Kama mteja alionekana msomi, ilikuwa "interference" kutoka kwenye redio za askari wa mbuga ya Tsavo, ng'ambo ya barabara. Nilimsikia akimwambia mtu mzima, mwenye mvi, kwamba ndovu waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa ndio wanaoichanganya simu yake. Mzee yule akageuka akaiangalia mbuga kwa chuki.

Ukweli ulikuwa chini ya meza, kwenye kopo la takataka. Simu za siku hizi zina skrini za OLED, na skrini hizo ni nyembamba mno. Tabaka linalotoa mwanga na utando unaosikia kidole vimelaliana kama watoto wawili kwenye kitanda kimoja, mmoja akijigeuza mwenzake anaamka. Ule utando hausikii kidole chenyewe, unasikia badiliko dogo la umeme ambalo kidole huleta, na hapo hapo chini yake umeme wa kuwasha picha unapita ukipiga kelele. Waliotengeneza simu wanajua hivyo. Chipu ya mguso hufundishwa kusubiri nukta ambayo picha imetulia ndipo isikilize, na nyuma ya kioo hubandikwa karatasi nyeusi yenye shaba ndani yake, inayoshikana na fremu, ili kelele ipate pa kutokea. Skrini feki tulizokuwa tunafunga zilikuwa na chipu isiyo na subira. Na ile karatasi nyeusi, Injinia aliibandua kila mara akaitupa kwenye kopo, maana ilimfanya ashindwe kufunga kava vizuri. Aliiita "packaging". Halafu dereva anakuja na chaja ya mtumba inayotema uchafu wa umeme wa lori zima ndani ya simu hiyo, na tunashangaa kwa nini simu imekuwa kichaa. Nilipoanza kuziokota zile karatasi na kuzirudisha mahali pake, simu zilitulia. Nilimweleza. Alinisikiliza akitafuna mswaki, kisha akasema, "Mwende, wewe kijana wa theory. Hapa tuko field." Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Nililala kwenye chumba cha nyuma ya hoteli pamoja na Ndanu. Vitanda viwili vya chuma, kamba ya nguo katikati, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na jikoni, hivi kwamba kila kilichosemwa jikoni kilitufikia kikiwa bado moto. Ndanu alikuwa amenizidi mwaka mmoja au miwili. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya haraka; aliweza kukanda unga, kumhudumia dereva na kufukuza mbuzi wa jirani mlangoni bila kubadilisha sura. Jioni tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyobaki, akiyakaanga tena na kitunguu kingi mpaka yakaanza kushika chini ya sufuria, na ule ukoko alinipa mimi. Nilimpenda kwa hilo. Nilimdharau pia kidogo, nisifiche, kwa sababu alikuwa ameacha shule mapema na alikuwa anajiandaa kuolewa na Kyalo.

Kyalo alikuwa kiongozi wa vijana kanisani na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Sijui nimweleze vipi bila kumtukana. Alikunywa soda kwa mrija. Alimsahihisha Ndanu mbele ya wateja, si kwa ukali, bali kwa upole wa mwalimu anayemsikitikia mwanafunzi: usicheke hivyo, keti hivi, huyo dereva usimjibu mara mbili. Alipokuja kula, aliombea chakula mpaka mchuzi ukaganda. Yeye ndiye aliyemnunulia Ndanu simu yake, simu nzuri ya mkono wa pili yenye skrini ya OLED, na kila Jumapili baada ya ibada aliichukua akaipitia, namba kwa namba, ujumbe kwa ujumbe, kisha akamrudishia akisema wapendanao hawafichani. Yake mwenyewe sikuwahi kuiona mkononi mwa Ndanu. Nyuma ya mabati nilimsikia Mama Ndanu akimwambia dada yake, "Mwanaume anaangalia simu ni mwanaume anajali. Wetu walikuwa wanaangalia nini?" Na dada yake akajibu, "Mungu amemkumbuka huyu msichana. Muhimu mbuzi zikuje haraka."

Mbuzi waliokuwa wakizungumziwa ni wale wa ntheo. Kwetu msichana anaweza kuchumbiwa mwaka mzima, akapelekewa sukari na blanketi, na bado akawa wa kwao. Lakini mbuzi wa ntheo wakishafika nyumbani, wakachinjwa, na pande mbili zikala, basi ameolewa, hata kama harusi ya kanisani itakuja baada ya watoto watatu au isije kabisa. Tarehe ilikuwa imeshapangwa baada ya mvua. Mama Ndanu alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu aliyekula kwake, hata kwa madereva waliokuwa wakienda Kampala na hawakujua anasema nini. Ndanu mwenyewe hakutangaza. Nilipomuuliza kama anafurahi, aliniambia, "Mama anafurahi."

Kisha skrini ya simu yake ikapasuka, na Injinia akaibadilisha mimi nikiwa nimeenda Mutomo. Niliporudi, tayari ilikuwa inajibonyeza ikiwa kwenye chaja. Nikamwambia Ndanu nipe jioni moja tu niifungue, niirudishie karatasi yake. Akasema iache, si inafanya kazi? Nikamwambia tena wiki iliyofuata, akasema iache. Nikadhani ni uvivu, au ni ile hali ya watu wetu ya kuvumilia kitu kibovu mpaka kiwe desturi.

Jumapili moja Kyalo alikuja dukani moja kwa moja kutoka kanisani, Biblia kwapani, na nyuma yake Ndanu. Akaweka simu kwenye kioo cha kabati polepole sana, kama mtu anayeweka yai. "Injinia," akasema, "hii simu imekuwa ikipigia mwanaume. Mara sita. Mwadime. Ni dereva wa lori ya simiti, wa Voi. Nataka uniambie kama mtu anaweza kuwa alifuta zingine zilikuwa hapo mbele." Mwadime tulimjua. Alikuwa anakula kwa Mama Ndanu, mtu mrefu mwenye kicheko, aliyewahi kumsaidia Ndanu kubeba gunia la makaa. Musembi akaanza kujikuna. Ndanu alisimama mlangoni ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, anaangalia sakafu, na midomo yake imefungwa. Kyalo akamwambia, "Sema basi. Sema kitu." Kisha akasema, "Kama ni hivyo mimi mbuzi zangu sitoi. Nitaambia wazazi leo leo. Siwezi oa mtu wa dereva."

Hapo ndipo nilipoinuka kutoka dirishani. Nakumbuka jinsi nilivyofuta mikono kwenye aproni, taratibu, nikijua nitakachosema kitamnyamazisha yule mwanaume wa mrija. Nikamwambia, "Hajapigia mtu. Hiyo simu inajibonyeza." Nikaichomeka kwenye chaja mbovu tuliyokuwa tumeiweka kando, na simu ikafanya kazi yake: ikafungua kitu, ikafunga, ikaingia kwenye namba, ikapiga kwa Mama Ndanu, na kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia simu ya mama ikilia. Uso wa Kyalo ulibadilika. Nikamweleza habari za utando na kelele na karatasi ya shaba, na nilimweleza kwa dharau, kila neno nikilitamka kama kwa mtoto, kwa upole ule ule aliouzoea kuutumia yeye. Ilikuwa furaha kubwa. Ndanu aliniinulia macho. Niliona yamejaa maji nikajiambia ni shukrani.

Jambo halikuishia hapo kwa sababu kwetu jambo haliishi mpaka wazee walikalie. Kyalo alikuwa ameshawaambia wazazi wake, wazazi wameshamwambia Pasta, na Pasta Nzioka akaitisha kikao kanisani Jumamosi, pande zote mbili, simu iletwe, fundi aje. Wiki ile nzima nilijiandaa. Nilifungua kile kitu cha ndani ya simu kinachochora mistari pale skrini inapoguswa, ili wazee wenyewe waione mistari ikijichora bila kidole. Nilitengeneza maelezo ya Kiswahili rahisi. Ndanu alinitazama nikifanya hayo yote akiwa kitandani, akikunja nguo. Mara moja akaanza, "Mwende, hii maneno..." nami nikamwambia asiogope, nimeshaimaliza, akae tu kimya aniachie mimi niongee. Akaendelea kukunja nguo.

Kanisa lilikuwa la mabati, lenye mapazia ya zambarau na spika kubwa kuliko jengo lenyewe. Wazazi wa Kyalo walikaa upande wa madirisha, Mama Ndanu na dada yake upande wa mlango, na Ndanu kwenye kiti cha peke yake katikati, sketi ndefu, viatu vya Jumapili. Nikaweka simu kwenye meza ya sadaka, nikachomeka chaja. Kwa muda haikufanya lolote na nikaona mama yake Kyalo akianza kutabasamu. Kisha mistari ikaanza kujichora juu chini, juu chini, ukingoni mwa kioo. Simu ikawasha tochi. Ikapiga picha ya mabati. Ikafungua namba na kumpigia Kyalo mwenyewe, na mfukoni mwake kwaya ya kanisa ikaanza kuimba. Nikafungua mdomo kueleza kuhusu kelele ya umeme, lakini dada yake Mama Ndanu alikuwa ameshasimama, mkono juu, "Ashindwe! Ashindwe kwa jina la Yesu!" na akina mama wengine wakajiunga naye, na mzee mmoja akasogeza kiti chake nyuma. Pasta Nzioka akaja mbio, akaikamata simu, akaichomoa kwenye waya na kuiinua juu kwa mikono miwili, akiikemea. Simu ikatulia. Ilitulia kwa sababu ameichomoa kwenye chaja. Ningeweza kuizimisha hivyo hivyo hata mimi, hata kuku akikanyaga waya angeweza. Lakini kanisa zima liliona kwa macho yake pepo akitoka ndani ya simu, na Pasta, jasho likimtiririka, akawaambia, "Mmeona. Adui alitaka kuvunja hii ndoa."

Nilisema, "Pasta, ni charger." Nilisema mara ya pili kwa sauti zaidi. Pasta akaniwekea mkono begani akaniambia, "Ndiyo, binti. Pepo alipitia kwa charger." Ni mtu mmoja tu aliyeuliza swali la maana siku ile, babake Kyalo, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameishika simu akasoma orodha ya zile simu sita za Mwadime. "Na hii ya Jumatano saa nane mchana?" akauliza. "Jumatano stima ilikuwa imepotea Mtito yote. Ilikuwa kwa charger gani?" Na Musembi, ambaye hakuwa ameitwa kusema, akasimama akarekebisha mkanda na kusema, "Hiyo ni residual charge, mzee. Inabaki ndani. Ni kitu ya kawaida kabisa." Mzee akakubali kwa kichwa, kwa adabu. Nilimdharau Musembi wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu alikuwa amesema upuuzi mbele ya mtu aliyeuliza vizuri, na kwa sababu upuuzi wake ulikuwa upande wangu. Swali lenyewe sikulifikiria. Tulikuwa tumeshinda, na aliyeshinda haulizi mpira ulipitia wapi.

Kwa wiki kadhaa watu walimletea Pasta simu zao ziombewe. Wale waliopona walishuhudia Jumapili, na wale ambao pepo aliwarudia walipofika nyumbani na kuchomeka chaja waliambiwa imani yao ni haba, kisha wakaelekezwa kwa Injinia wakabadilishe skrini. Injinia akawafungia feki nyingine na kutupa karatasi nyingine kwenye kopo. Ilikuwa biashara safi, kila mmoja anamtumia mwenzake mteja. Mimi niliendelea kuokota karatasi. Nilipoirudisha ya simu ya Ndanu hakunizuia tena. Aliniangalia nikiibandika, akaniuliza kama sasa haitajibonyeza kabisa. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kuanzia leo atakayempigia mtu kwa simu hiyo ni kidole chake mwenyewe. Akasema, "Sawa."

Mbuzi walikuja baada ya mvua, kama ilivyopangwa. Nilikuwepo. Walifika kwa pikapu, mbuzi watatu wanene wakiwa wamefungwa pamoja, na wanawake wakawapokea kwa vigelegele hadi barabarani. Mama Ndanu alinishika mkono akaniweka mahali pa heshima, karibu na sufuria, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ndiye aliokoa msichana wangu." Nilikula nyama nyingi. Nilipewa ini kabla ya wageni wengine. Ndanu aliketi na wanawake wa upande wa pili, leso mpya mabegani, na walipompa kipande alikishika muda mrefu mpaka mama yake akamwambia, "Kula, mwiitu wakwa, msichana wangu." Akala. Niliona hilo, na nilifikiri ni haya za bibi harusi, na nikafikiri tena kwamba wasichana wa kwetu hata furaha hawajui kuionyesha. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimegombana na Musembi kwa mara ya mwisho nikaenda Kitui, ambako nina duka langu mpaka leo, na ambako nimewaambia wafanyakazi wangu kisa cha pepo wa chaja mara nyingi sana. Wanacheka kila mara. Nimekuwa nikikisimulia kama ushindi wangu dhidi ya ujinga.

Basi huko Kikima, baada ya jeneza kushushwa na Pasta mwingine kuombea udongo, nilimfuata Ndanu nyuma ya nyumba kwenye karai za vyombo. Tulisalimiana kwa mikono iliyolowa. Akaniambia ana watoto wanne, mkubwa wa kike. Kyalo sasa ni mzee wa kanisa. Walikuja wote wawili mazishini, kwa gari la kanisa, kwa sababu kwao na kwa akina Musembi wanatoka ukoo mmoja. Nikaanza kumchekesha kwa habari za marehemu, ndovu wa Tsavo na residual charge, nikiigiza jinsi alivyorekebisha mkanda. Hakucheka. Alikuwa anasuuza vikombe, anavipanga kwenye sinia vikiwa vimeinama.

"Ile Jumatano stima ilikuwa imepotea," akasema.

Nikasema najua, ndiyo maana nasema Musembi alikuwa mwongo.

"Nilimpigia mimi, Mwende. Zote sita. Mchana, nikiwa hapo jikoni." Alisema kwa sauti ya mtu anayeulizia sabuni. "Huyo Mwadime hata hatukuwa na maneno. Nilikuwa namuuliza kama amefika Voi, anasema amefika, nakata. Hata sura yake sasa siikumbuki. Nilijua Kyalo atasoma Jumapili. Kwanza nilikuwa nimeiachia simu ipige yenyewe, haikupigia mwanaume."

Sikuelewa, au nilielewa nikataka asiendelee. Nikamuuliza kwa nini hakumkataa tu Kyalo.

"Nikikataa mimi, mama yangu angekuwa ameaibika mbele ya kila mtu alikuwa ameambia. Akikataa yeye, ningekuwa tu msichana mbaya. Hiyo ningeweza." Akachukua kikombe kingine. "Alikuwa amekataa. Pale dukani, ulimsikia. Alisema mbuzi hatoi."

Nilimsikia. Nilisikia pia Kyalo akimwita kutoka upande wa hema, kwa upole, jina lake zima la ubatizo, na niliona jinsi mabega yake yalivyojipanga kabla hajageuka. Nilimuuliza kama anamtesa. Akasema hapana, hajawahi kumpiga hata siku moja, ni mtu wa maombi. Nilikuwa na hasira, kwanza naye, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumkasirikia na waliobaki wote nilikuwa nimeshawamaliza.

"Ungeniambia," nikasema. "Tulikuwa tunalala chumba kimoja, Ndanu. Ungeniambia."

Alifuta mikono kwenye leso, akainua sinia, akanitazama bila ubaya wowote.

"Ulikuwa unaongea," akasema, na akaenda alikoitwa.